Kibodi ya simu na Kiswahili chetu: mwongozo kamili wa mapendekezo ya maneno

Unaandika “kama”, simu inatuma “karma”. Unaandika “wewe”, inatoka “were”. Ukishafedheheka hivyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, unaingia kwenye mipangilio na kuzima kila unachokiona, kisha unarudi kudonoa herufi moja moja na kufupisha kila neno: “xaxa”, “nko”, “2taongea”.

Hapo umezima vitu viwili kwa mpigo, na kimoja hakikuwa na kosa. Kupendekeza ni pale simu inapokuonyesha maneno matatu juu ya vitufe, nawe ukaamua kugusa au kuacha. Kusahihisha ni pale inapobadili neno lako bila kukuuliza, mara tu unapogusa kitufe cha nafasi. Kwa anayeandika Kiswahili, ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia humu: la kwanza liwashe na ulifundishe, la pili lizime. Maelezo mengi ni ya Android kwa kuwa ndizo simu zilizojaa mikononi mwetu, lakini iPhone ina sehemu yake na kitochi hakijasahaulika.

Kwa nini simu inahangaika na vitenzi vyetu

Kibodi ya simu ya mguso haioni herufi uliyokusudia. Inaona doa la kidole, na kidole ni kipana kuliko kitufe. Kwa kila doa inapiga hesabu mbili: doa hili liko karibu na herufi zipi, na herufi hizo zikiungana na zilizotangulia zinafanya neno gani linalofahamika? Neno lenye uzito mkubwa ndilo linalokaa katikati ya mstari wa mapendekezo. Kama orodha yake ni ya Kiingereza tu, hata ukigusa k-a-m-a bila kukosea, kwake wewe ndiye uliyeteleza.

Halafu kuna umbo la lugha yenyewe. Kitenzi cha Kiingereza cha kutuma kina maumbo manne: send, sends, sent, sending. Sasa chukua “-tumia”, ya kumtumia mtu kitu. Nimekutumia, nimemtumia, amenitumia, tutawatumia, uliwatumia. Ukizungusha watendaji sita, watendewa, na nyakati nne tu za -na-, -li-, -ta- na -me-, maumbo yanapita 100. Hapo hujagusa ukanushi (sijakutumia), masharti (ungenitumia), wala urejeshi (uliyonitumia). Orodha ya maneno iliyofungwa ndani ya simu haiwezi kubeba yote hayo kwa kila kitenzi.

Matokeo yake ndiyo msingi wa mwongozo huu. Ukiingiza “tuma” kwenye kamusi ya simu, umeingiza neno moja, “tuma”, basi. Simu haichambui kwamba “nitakutumia” ni wa ukoo huohuo. Inafundishwa neno zima, na viambishi vyake vyote, kama linavyoandikwa.

Mtego mwingine ni vitufe jirani. Kwenye QWERTY, mpangilio wa herufi uliozoeleka kwenye kibodi, u, i na o zimekaa bega kwa bega, na sarufi yetu imezitwika kazi kubwa. “Umefika?” unamuuliza mtu. “Imefika?” unauliza hela. “Kula” na “kila” zimetenganishwa na kitufe kimoja, na zote ni maneno halali, kwa hiyo hakuna mfumo wa kusahihisha utakaokuokoa kwa kutazama neno peke yake. Ujumbe unaohusu fedha au safari, usome vokali ya kwanza ya kila kitenzi kabla ya kutuma. Jicho la sekunde moja linatosha.

Hatua ya kwanza: ongeza Kiswahili kwenye kibodi

Tuondoe hofu kwanza: huhitaji kugeuza lugha ya simu nzima. Menyu zinaweza kubaki kwa Kiingereza na kibodi ikaandika Kiswahili. Ni mipangilio miwili isiyotegemeana.

Simu nyingi za Android huja na Gboard, kibodi ya Google, na kama yako haina unaweza kuipakua Play Store. Njia fupi ya kufika kwenye mipangilio yake ni hii: fungua mahali popote pa kuandika, ujumbe wa WhatsApp unatosha, kibodi itokee. Shikilia kitufe cha mkato (,) hadi ionekane alama ya gia, kisha telezesha kidole juu yake. Umeingia bila kuzunguka kwenye menyu za simu, ambazo kila kampuni huzipanga kivyake. Gusa Lugha, kisha Ongeza kibodi, na utafute Swahili. Ukikuta cha Tanzania na cha Kenya vyote vipo, chagua cha nchi ya watu unaowaandikia zaidi. Chagua mpangilio wa QWERTY, thibitisha.

Iache simu kwenye intaneti kwa muda. Orodha ya maneno ya lugha hupakuliwa baadaye, chinichini, na wengi huongeza lugha huku data imezimwa kisha wanalalamika kwamba hakuna kilichobadilika.

Sasa amua kuhusu Kiingereza. Ndani ya ukurasa wa lugha kuna swichi ya kuandika kwa lugha zaidi ya moja kwa pamoja. Ukiiwasha, mstari mmoja wa mapendekezo unachota kwenye Kiswahili na Kiingereza bila wewe kubadili chochote. Kwa mtu anayeandika “nitakucall baada ya meeting” hiyo ndiyo njia pekee ya kuishi kwa amani. Lakini kwa katibu wa kikundi, mwalimu au yeyote anayeandika Kiswahili kitupu kwa muda mrefu, lugha mbili kwa pamoja ni kelele tu: kila neno fupi linavutiwa upande wa Kiingereza. Huyo azime swichi hiyo, abaki na kibodi mbili tofauti, na ahame kutoka moja kwenda nyingine kwa kushikilia kitufe cha nafasi.

Aliyeko Goma, Bukavu au Lubumbashi, anayechanganya Kiswahili na Kifaransa, azipe lugha zote mbili mpangilio mmoja wa herufi. Kiswahili kikiwa QWERTY na Kifaransa AZERTY, a na q zitabadilishana viti kila anapohama, na vidole havitazoea kamwe. Ndugu zetu wa Oman wanaoandika pia Kiarabu hawana ujanja hapo: hati ni nyingine, kibodi ni nyingine, kuhama ni lazima.

Mwenye lugha tatu au zaidi namshauri ajaribu SwiftKey, iliyoanzishwa London mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016. Kwenye Android inakubali hadi lugha tano kwa wakati mmoja. Samsung nao wana kibodi yao. Gia yake iko kwenye mstari wa juu wa kibodi, na ndani yake kuna sehemu ya kusimamia lugha.

Kwenye iPhone nitataja menyu zilivyo kwenye kioo, maana wengi wetu tunazisoma kwa Kiingereza. Fungua Settings, General, Keyboard, kisha Keyboards, kisha Add New Keyboard, na utafute Kiswahili. Ukiona mapendekezo yake hayakutoshelezi, pakua Gboard au SwiftKey kutoka App Store na uiongeze kwenye orodha hiyohiyo.

Hatua ya pili: zima marekebisho, acha mapendekezo

Rudi kwenye gia ya Gboard, ingia sehemu ya marekebisho ya maandishi. Utakuta swichi nyingi zilizopangana kama zina uzito sawa. Hazina. Zinazokuhusu ni hizi.

Mstari wa mapendekezo uwe umewashwa. Mapendekezo ya neno linalofuata nayo yawe yamewashwa. Hiyo ndiyo inayokuletea “sana” baada ya “asante”. Kusahihisha kiotomatiki zima. Herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi acha kama unaandika barua za kazi, zima kama zinakukera. Nukta kwa kugusa nafasi mara mbili ni suala la mazoea.

Kama moyo haukubali kuzima usahihishaji kabisa, kwa sababu unaandika Kiingereza kingi cha ofisini na unautegemea, basi jifunze kitu kimoja: simu ikibadili neno lako, gusa kitufe cha kufuta mara moja palepale kabla ya kuandika kingine. Neno lako la awali linarudi. Katika Gboard tabia hiyo ina swichi yake, hakikisha imewashwa.

Kwa iPhone, swichi ya Auto-Correction iko ukurasa uleule wa Keyboard. Hapohapo kuna Smart Punctuation. Zizime zote mbili. Sababu ya hiyo ya pili utaiona kwenye habari ya ng’ombe.

Hatua ya tatu: ifundishe

Hapa ndipo kwenye kazi, na ndipo penye faida. Kibodi inajifunza kwa njia mbili: kwa kukutazama unavyoandika, na kwa kuambiwa moja kwa moja kupitia kamusi binafsi.

Ya kwanza haihitaji ufundi, inahitaji nidhamu ya siku chache. Andika maneno kamili. Ukiandika “ntakutumia” leo, “nitakutumia” kesho na “ntktumia” keshokutwa, unaifundisha maneno matatu dhaifu badala ya moja lenye nguvu. Ukiona neno lako ulivyoliandika limetokea kwenye mstari wa mapendekezo, liguse hapo badala ya kugusa nafasi. Huko ni kuiambia simu kwamba hilo ni neno, si kosa.

Kuharakisha mambo, fungua ujumbe wa kujitumia mwenyewe na uandike maumbo unayoyatumia kila siku, kila moja likiwa ndani ya sentensi. Sentensi ni muhimu kwa sababu simu hukariri pia neno gani hufuata lipi. Mfano wa mfanyabiashara mdogo:

“Shikamoo mama, mzigo umefika salama. Nimekutumia hela, tafadhali niambie ukiipata. Bado hazijafika. Nitakupigia jioni nikitoka. Naomba uniandikie jina kamili na mahali ulipo. Samahani kwa kuchelewa, nimeshampa dereva namba yako.”

Rudia aya kama hiyo mara mbili tatu, safari hii ukigusa mapendekezo kila yanapotokea sahihi. Kisha badilisha watu: nimemtumia, nimewatumia, hujanitumia, atanitumia. Usijaribu kumaliza vitenzi vyote vya lugha. Mtu mmoja kwenye simu yake hutumia vitenzi vichache kwa kujirudia, na hivyo vichache ndivyo vinavyokula muda wake.

Kamusi binafsi iko ndani ya gia, sehemu ya Kamusi. Chagua lugha, gusa alama ya kujumlisha, andika neno. Huku weka majina: ya watu, ya mitaa, ya bidhaa zako. Simu haina sababu ya kujua Mwanakwerekwe, Kariakoo Gerezani wala Githurai, na majina ndiyo yanayobadilishwa vibaya kuliko kitu kingine.

Kuna upande wa pili wa kujifunza: simu hujifunza na makosa. Ukiandika “ata” ukikusudia “hata”, au “karamu” ukikusudia “kalamu”, kwa wiki moja, itaanza kukuletea yenyewe kwa ukarimu. Vilevile ukizoea kugusa “nita” kisha “kuja”, simu itaweka nafasi katikati na kukariri vipande viwili. Sehemu ya “nita kuja” na “ana penda” tunazoziona mitandaoni nazihesabu kwenye deni la kibodi. Neno baya likijitokeza kwenye mstari, lishikilie kwa kidole hadi alama ya kufuta ionekane, kisha liburute hadi kwenye pipa la taka. Fanya hivyo kila mara, bila huruma.

Njia za mkato

Kila neno unaloingiza kwenye kamusi binafsi unaweza kulipa kifupisho. Ukiandika kifupisho, neno zima linatokea kwenye mstari, unaligusa. Kwenye iPhone sehemu hiyo inaitwa Text Replacement, na tofauti yake ni kwamba neno hujibadili lenyewe ukigusa nafasi, kwa hiyo kifupisho kisiwe neno la kawaida. Usitumie “sk” kwa “shikamoo” kama huwa unaandika “sk” kwa maana ya siku. Tumia herufi zisizokutana kwenye neno lolote: “shkk”, “asnt”, “lpnn”.

Weka salamu ndefu, anwani ya duka, barua pepe yako, na maneno yenye alama. Maandishi marefu zaidi ya mstari mmoja, kama maelekezo ya kulipia, hayakai vizuri kwenye kamusi. Hayo yanakili, fungua ubao wa kunakili wa Gboard, uyashikilie na uyabandike yasiondoke. Yasiyobandikwa hufutika baada ya saa moja. Anayetumia WhatsApp Business ana kitu bora zaidi: majibu ya haraka, hadi 50, yanayoitwa kwa kuandika mkwaju (/) na kifupisho. “/lipa” inatoa lipa namba, jina litakalotokea, na ombi la kutumiwa uthibitisho. Sioni kwa nini muuza viatu aandike maelezo hayo upya kwa kila mteja.

Ng’ombe mmoja anavyogharimu SMS mbili

Ving’ong’o vyetu vya ng’ vinahitaji alama ambayo kwenye kibodi nyingi imefichwa ukurasa wa pili. Wengi huandika “ngombe” na “ngambo” na kuendelea na maisha. Dawa ni kamusi binafsi: kifupisho “ngombe”, neno “ng’ombe”. Fanya hivyo kwa maneno yako machache ya namna hiyo (ng’ambo, ng’oa, ng’ara) na hutafungua tena ukurasa wa alama.

Lakini angalia alama ipi unayoweka. Kuna mstari mdogo ulionyooka (') na kuna uliopinda (’). Kwenye WhatsApp havina tofauti. Kwenye SMS ya kawaida vina tofauti ya fedha. SMS moja hubeba herufi 160 zikiwa ni za seti ya msingi ya herufi za mitandao ya simu (GSM), na alama iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa usimbaji na nafasi inashuka hadi herufi 70. Emoji nayo hufanya vivyo hivyo. Ujumbe wa herufi 120 wenye ng’ombe mwenye alama iliyopinda unahesabiwa SMS mbili. Kwa ujumbe mmoja si kitu. Kwa chama kinachowatumia wanachama mia tatu taarifa ya mkutano, bili inaongezeka maradufu kwa ajili ya kijimstari. Ndiyo maana nilisema uzime Smart Punctuation: kazi yake mojawapo ni kuipinda alama hiyo bila kukuambia.

Kutelezesha kidole

Badala ya kugusa herufi moja moja, unaburuta kidole kutoka herufi hadi herufi bila kukiinua. Swichi yake iko kwenye gia. Kwa maneno mafupi ya kawaida (sana, leo, kwenye, lakini) ni haraka kuliko njia nyingine yoyote, hasa kwa aliyeshika mtoto au ameshikilia chuma cha daladala kwa mkono wa pili.

Kwa vitenzi virefu inaangusha. Mfumo huo hutafuta njia ya kidole chako kwenye maneno ambayo tayari unayo. Haubuni neno jipya. Ukitelezesha “tutakapowasiliana” na simu haijawahi kuliona, itakuletea chochote kinachofanana na mchoro huo. Liandike kwa kugusa mara ya kwanza, lihifadhi, ndipo ulitelezeshe. Mimi huchanganya: viunganishi natelezesha, vitenzi nagusa herufi nne tano kisha namalizia kwenye mapendekezo.

Kwa simu yenye kioo kidogo kuna mambo mawili ya kurekebisha kwenye sehemu ya mapendeleo: ongeza kimo cha kibodi, na ondoa mstari wa namba kama huandiki viwango vya pesa kutwa nzima. Kurudisha kishale nyuma katikati ya neno usidonoe kwenye maandishi. Telezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, kishale kitakufuata. Kufuta maneno kadhaa, anzia kwenye kitufe cha kufuta na uburute kushoto.

Kitochi, kabambe, mulika mwizi

Simu ya batani ina vitufe vinane vya herufi, na herufi ni 26. Bila utabiri, “sisi” inahitaji mibonyezo 14: s ni ya nne kwenye 7, i ni ya tatu kwenye 4. Kwa T9 ni minne tu: 7-4-7-4. Mfumo huo ulibuniwa na kampuni ya Tegic ya Seattle katika miaka ya 1990, na Nokia 3210 ya mwaka 1999 ni mojawapo ya simu zilizousambaza duniani. Unabonyeza kila kitufe mara moja, simu inatafuta neno linalolingana.

Kwa Kiswahili kuna balaa ambalo wabunifu wake hawakulifikiria. 7-4-7-4 ni “sisi”, na ni “pipi” pia. 6-4-6-4 ni “mimi” na ni “nini”. 9-3-9-3 ni “wewe” na ni “yeye”. 5-2-5-2 ni “kaka” na “lala”. Herufi w, y na z zote zimelala kwenye 9, kwa hiyo wangu, yangu na zangu ni mibonyezo ileile, na upatanisho wa ngeli umegeuka kamari. K na l zote ziko kwenye 5, na hapo ndipo panapouma: 2-5-4-5-4-7-2 ni “alilipa” na ni “akilipa”. Deni limekwisha au bado lipo? Simu haijui.

Ukiamua kuitumia, fanya hivi. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuandika ujumbe, fungua Chaguo, tafuta Kamusi au Utabiri, angalia kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha. Kikiwemo, kiwashe. Andika neno hadi mwisho bila kujali yanayotokea katikati, maana hubadilika kila kitufe. Likitoka silo, bonyeza nyota (*) kupitia mengine. Kwenye simu nyingi 0 ni nafasi, 1 ni alama za uandishi, na alama ya reli (#) hubadili kati ya herufi kubwa, ndogo na utabiri; reli hiyo hukupa njia ya haraka ya kuzima T9 unapoandika jina la mtu. Maneno yakiisha, simu hukuuliza kama unataka kuongeza jipya. Ongeza.

Kiswahili kisipokuwemo, zima utabiri kabisa. T9 ya Kiingereza kwa Kiswahili ni mateso: “poa” inatoka “rob” au “sob”. Mibonyezo 14 ya “sisi” ni afadhali kuliko hiyo.

Nani mwingine anasoma

Kibodi huona karibu kila unachoandika, kwa hiyo uichague kwa uangalifu kuliko programu nyingine yoyote. Desemba 2017 ilibainika kwamba hifadhidata ya kibodi ya ai.type, yenye taarifa za watumiaji zaidi ya milioni 31, ilikuwa imeachwa wazi mtandaoni bila nenosiri. Mwaka mmoja kabla, Julai 2016, SwiftKey walisimamisha kwa muda huduma ya kuoanisha maneno kati ya vifaa baada ya baadhi ya watumiaji kuletewa mapendekezo ya watu wengine, zikiwemo barua pepe wasizozijua. Kibodi za mapambo, za picha za wasanii na fonti za kumeremeta, ziache huko dukani.

Usiweke PIN, nenosiri wala namba ya kadi kwenye kamusi binafsi, kwenye njia za mkato au kwenye ubao wa kunakili, hata kwa dakika moja. Kwenye sehemu za nenosiri kibodi kubwa hazijifunzi, lakini ukiandika PIN kwenye ujumbe wa kawaida umeitoa mwenyewe. Na kama mnatumia simu moja watu wawili nyumbani, kumbuka kwamba neno linalofuata huonekana na yeyote anayeandika. Mwenzako akiandika “mpenzi” na simu ikamalizia kwa jina asilolijua, mapendekezo yamekuwa ushahidi.

Maneno uliyoyakusanya yana thamani, kwa hiyo yaokoe kabla ya kubadili simu. SwiftKey huyahifadhi ukiingia kwa akaunti. Kwa Gboard, orodhesha njia zako za mkato na majina muhimu kwenye ujumbe wa kujitumia mwenyewe, uziingize upya ukishanunua simu nyingine.

Kisha futa ya zamani kabla hujamkabidhi mnunuzi au fundi. Kwa Gboard ingia gia, Faragha, kisha kufuta maneno yaliyojifunzwa na data. Itakuonyesha namba ya kuandika ili kuthibitisha. Kamusi binafsi pitia na ufute maneno moja moja, kisha ondoa vilivyobandikwa kwenye ubao wa kunakili. Kwa iPhone ni Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Reset, kisha Reset Keyboard Dictionary, na Text Replacement uzifute kwa mkono. Ukimaliza fungua ujumbe mtupu, andika herufi ya kwanza ya jina lako na uangalie kinachotokea juu ya vitufe.